Ufunguo wa Pili

Mwaitu,

Uko kwa msusi pale Satellite, na kwa jinsi nilivyowaona wale wasichana wakikungoja na furushi la nywele, najua sitakuona kabla giza halijaingia. Mama yako yuko jikoni anafunga sufuria kwa magazeti kana kwamba unaenda Kanada. Nimemkumbusha kwamba unahamia Kilimani, mahali ambapo mtu mwenye viatu vizuri na hasira ya kutosha anaweza kutoka hapa kwa miguu na afike kabla chai haijapoa. Akaniambia, "Wewe nyamaza. Wewe umemfungia nini?"

Nikaangalia mikono yangu. Kweli, sijakufungia kitu. Kwa hivyo nimeketi mezani na mabaki ya karatasi kutoka dukani. Usishangae kurasa zikikosa kulingana, ni vipande vilivyokatwa pembeni mwa programu za mazishi, na baba yako hajawahi kutupa karatasi nzuri maishani mwake. Nakufungia barua.

Mambo ya gesi, ya maji kukatika, na ya walinzi wa geti wanaojifanya marafiki, mama yako ameshayamaliza na ameshayarudia. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikwepa tangu mwezi wa nne, na kesho baada ya kanisa pikapu itakuja, kwa hivyo nimeishiwa na mahali pa kukimbilia.

Unakumbuka wale wageni wa ofisi yenu, uliowaandikia tarehe isiyo yao, wakafika uwanja wa ndege na kukuta ndege yao ilishaondoka jana yake. Ulituambia hapa mezani. Ulisema bosi wako aliwatafutia ndege nyingine kabla ya jioni, na mama mmoja kati yao hata alikutumia ujumbe wa kukuombea. Ulicheka. Ulimega ugali mara mbili, ukasema umeshiba.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, nilikuwa nimesimama nje ya bafu na mswaki mdomoni, nikingoja zamu yangu kama mpangaji. Nikakusikia unaongea. Nilidhani uko kwa simu, unamkomesha mtu, nikaanza kutabasamu, nikajiuliza ni kijana gani huyo anayeonyeshwa leo. Kisha nikasikia jina.

"Mumbua, wewe ni bure kabisa," ulisema. "Bure kabisa. Wangejua vile uko, hakuna mtu angekaa na wewe."

Hukuwa unalia. Hilo ndilo lililonifanya niache kusugua meno. Mtu anayelia bado anajitetea. Wewe ulikuwa unaongea polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu iliyoandikwa zamani, anayetaka kuimaliza aende zake.

Na mimi, baba yako, kichwa cha nyumba hii kama pasta anavyopenda kuniita, nilifanya nini? Nilitema dawa ya meno kwenye ua, nikachukua mkebe, nikaenda kumwagilia sukuma wiki. Ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mama Brayo alinichungulia juu ya ua akauliza, "Baba Mumbua, leo unaosha mvua?" Nikamwambia sukuma zangu zina kiu ya kipekee.

Ulikaa chumbani Jumamosi na Jumapili nzima. Mama yako alidhani ni kichwa kinauma. Mimi nilipita mlangoni pako mara nyingi nikijifanya natafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni. Mara moja niliweka sikio langu kwenye mbao. Hakukuwa na sauti yoyote, hata ya kitanda. Nilishusha mkono uliokuwa tayari kubisha, nikarudi sebuleni kutazama mpira ambao siwezi kukuambia hata ni timu gani zilicheza. Jumatatu ukatoka, ukaenda kazini, na sisi sote tukakubaliana bila kusema kwamba hakukutokea kitu.

Kilichonitisha, Mwaitu, ni kwamba niliyajua maneno yale. Niliijua mpaka ile pumzi kati ya "bure" na "kabisa."

Sasa nikuambie kuhusu jina lako. Unajua kwamba ulizaliwa ukapewa jina la mamangu, Mumbua, kama desturi yetu inavyotaka, na ndiyo maana tangu ukiwa na kichwa kisichosimama mimi nakuita Mwaitu, yaani mama. Wenzako wa shule walikuwa wanacheka, "Babako anakuita mama?" Lakini kuna upande wa pili ambao sikuwahi kukueleza kwa sababu ulinifaa ukiwa kimya. Mtoto aliyebeba jina la mamako humtukani. Hata akivunja redio. Na wewe uliivunja. Siku ile nilifungua mdomo, nikamwona nyanya yako wa Kangundo amesimama ndani ya macho yako na mwiko mkononi, nikaufunga. Nikatoka nje. Na huko nje nikasema nini? Nikasema, "Na mimi ndiye mjinga, bure kabisa, nani anaweka redio mahali mtoto anafika?"

Ulikuwa umenifuata. Ulikuwa nyuma yangu na kipande cha redio mkononi, unasikia.

Miaka yote nilijisifu kwamba sijawahi kukutolea neno baya. Ni kweli. Nilijitolea mimi mwenyewe, mbele yako, kila siku ya Mungu. Mashine ikikwama, bure kabisa. Nikisahau maziwa, huyu mzee ni bure kabisa. Nikifanya mzaha kwenye harusi, natumia kichwa changu mwenyewe kama ngoma, watu wanacheka, nawe unacheka, na mimi naona nimelea nyumba ya furaha. Sikujua kwamba ulikuwa darasani.

Nikuambie nilivyoyapata mimi maneno hayo, maana sikuzaliwa nayo.

Nilipokuwa na umri kama wako nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la uchapaji River Road, ghorofa ya pili, juu ya watu wa mabomba na misumari. Tulichapa kadi za harusi, risiti, na hasa programu za mazishi, maana harusi watu huahirisha. Duka lilikuwa na sheria moja iliyoandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: mteja hajaona prufu, mashine haiwaki. Prufu ni ile nakala moja ya kwanza. Familia inaiangalia, inaweka sahihi, ndipo unachapa nyingine zote. Hata iwe maiti iko barabarani, unangoja sahihi.

Ikaja familia moja kutoka upande wa Mumias. Dada yao Agneta alikuwa amefariki Nairobi, na basi la kupeleka mwili nyumbani lilikuwa linaondoka jioni ile ile. Waliacha bahasha ya picha wakakimbia mochari. Nikaitafuta picha ya kava. Kulikuwa na picha za akina mama wawili, uso ule ule, kitambaa kile kile cha sare ya harusi ya mtu fulani. Moja ilikuwa na ukungu. Nyingine ilikuwa safi, mama anacheka, macho yanakuangalia moja kwa moja. Nilipenda kazi nzuri. Nilichukua ile safi.

Prufu ilitoka na hapakuwa na wa kuiona. Ningeweza kumtuma mtu mochari. Lakini nilikuwa kijana mwenye haraka na majivuno, nilitaka waseme programu zilikuwa tayari kabla hazijaulizwa. Nikaweka sahihi mwenyewe. Mashine ikawaka. Tulizifunga kwa kamba ndani ya boksi, zikapanda basi pamoja na jeneza.

Simu ya duka ililia asubuhi ya mazishi. Mwanamume, sauti ya chini sana.

"Ni wewe ulitengeneza hii kitabu?"

"Ndiyo, mzee. Imetokea vizuri?"

Nyuma yake nilisikia kuku, na watu wengi wasioongea.

"Umeweka nani kwa kava?"

"Si marehemu, mzee?"

"Huyu umeweka ako hapa," akasema. "Anapika chai."

Nilikuwa nimechukua dada aliye hai, Mama Nafula, nikamwandikia chini ya uso wake alizaliwa lini na alifariki lini, nikamtuma kwao kwenye boksi.

Unawajua watu wetu, na unawajua wa upande wa mama yako. Kuna makosa ya kazi, na kuna makosa yanayokaa kama mkosi. Mtu mmoja dukani, mzee tuliyekuwa tunafanya naye kazi ya kukata karatasi, alinipiga bega akasema, "Huyo mama akifa mwaka huu, ujue ni mkono wako." Alikuwa anatania. Aliendelea kukata karatasi. Mimi sikuendelea na kitu.

Kila asubuhi nilinunua gazeti, nikafungua ukurasa wa vifo kabla ya mengine yote, nikatafuta uso ule. Jioni nilisikiliza matangazo ya vifo kwenye redio ya mlinzi. Bahasha ya picha ikitoka magharibi, niliifungua nikiwa nimefumba jicho moja. Hapo ndipo kiranja aliponijia. Nimempa jina hilo kwa sababu unamjua. Mwalimu akitoka darasani anampa kiranja chaki, aandike ubaoni majina ya wapiga kelele. Ukikohoa, jina lako. Ukijitetea, anaweka alama, sasa ni mara mbili. Wangu alikaa nyuma ya sikio akaandika. Bure kabisa. Umeua mtu. Hata mashine ina akili kukushinda. Mwanzoni nilidhani ananisaidia, kwamba mtu akijichapa vya kutosha hatarudia kosa. Lakini nilikosea zaidi, kwa sababu mikono inayotetemeka haipangi picha vizuri. Kila kosa jipya lilikuwa ushahidi, naye alikuwa na ubao mkubwa.

Niliacha kula vizuri. Niliacha kwenda kwaya, na unajua besi yangu, hasara ilikuwa yao. Nikitoka kazini nilikuwa nateremka hadi darajani, pale mto unapopita nyuma ya magereji, na nilikuwa nasimama pale kwa muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu asiyevua samaki. Sitaandika zaidi ya hapo. Umeelewa.

Kisha siku moja mchana nainua macho kutoka kwenye meza na marehemu wangu amesimama mlangoni na mkoba.

Niliangusha chupa ya wino. Yeye akaitazama ikimwagika, akanitazama mimi, akasema kwa sauti kubwa hadi watu wa mabomba chini wakasikia, "Kumbe ni wewe uliniua! Mtoto mdogo hivi!"

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Hiyo kesi tuliimaliza kabla ya chai kuiva. Pasta alisema kila mtu apasue kava, wakakataa, ati ni karatasi nzuri. Jua lilikuwa kali. Watu walijipepea na uso wangu mchana kutwa." Akacheka hadi akashika meza. "Na nikuambie, kuna watu walifika wakachukua kitabu wakaanza kulia, wanadhani ni mimi. Nilikuwa nimesimama na birika, nawaangalia. Wengine sikuwahi kujua wananipenda. Wengine niliowategemea, macho makavu!" Kisha akaacha kucheka. Akaniangalia vizuri, kola yangu ilivyokuwa imelegea shingoni. "Wewe kijana, unakula?"

Nikashika kitambaa, nikaanza kufuta wino.

"Sisi tuliendelea na maisha," akasema. "Wewe ulikuwa wapi wakati huo wote?"

Alikuwa amekuja kuagiza kadi za harusi ya bintiye. Nilimwonyesha prufu mara nne. Alitia sahihi akisema, "Hii picha ya kava usitupe. Iweke. Siku yangu ikifika, utumie hiyo hiyo."

Hapa ndipo barua nzuri ingeisha, Mwaitu. Baba alijifunza, akajisamehe, akaishi kwa raha. Na mimi nilidhani hivyo. Nilisimulia kisa kile kwenye matanga na kwenye harusi, watu wakavunjika mbavu, na kila mara nilimalizia, "Mjinga ni mimi, bure kabisa!" Sikugundua kwamba kiranja hakuwa ameondoka. Nilikuwa nimempa kipaza sauti tu.

Sasa nikuambie kuhusu baba yako mdogo, Musyoka.

Tulikuambia alikufa kwa presha. Ulikuwa mdogo, na baadaye ikawa rahisi kuendelea kusema hivyo. Haikuwa presha.

Musyoka alinifuata Nairobi, akapanga chumba Kawangware, akawa anasomea mambo ya maabara. Alikuwa mpole, wa kuomba radhi hata kwa kiti akikigonga. Alianguka mtihani wa mwisho. Akaurudia, akaanguka tena. Alikuja dukani nikiwa na kazi nyingi, akasimama kando ya mashine, akasema, "Kaka, mimi naona ni bure kabisa."

Alikuwa ameyachukua kwangu hayo maneno, na alikuwa anayarudisha yakiwa swali. Mimi nikiwa nimeinama kwenye mashine nikamjibu, "Kwa kweli umezembea, Musyoka." Nilidhani namsukuma mbele, kama watu wanavyosukuma gari. Alisema, "Sawa, kaka." Akangoja kidogo. Akashuka ngazi.

Nimeisikia miguu yake kwenye ngazi zile kila siku ninayofanya kazi pale, na nimefanya kazi pale maisha yangu yote.

Siku chache baadaye hakushika simu. Nilikwenda Kawangware. Mlango ulikuwa umefungwa kutoka ndani. Niliita. Nikaita kwa jina la utotoni. Mama wa plot, mwenye vyumba, alileta kamba nzima ya funguo, tukajaribu mmoja baada ya mwingine, na hakuna uliogeuka, kwa sababu Musyoka alikuwa amebadilisha kitasa na hakumpa mtu yeyote ufunguo wa pili. Ilibidi tutafute fundi avunje. Tulikuwa tumechelewa, Mwaitu. Sitakuambia tuliyoyaona. Nakuambia tu jinsi nilivyosimama nje ya mlango ule nikiwa na funguo nyingi mkononi na hakuna hata mmoja wake.

Nilichapa programu yake mwenyewe. Watu walileta maneno, kila mmoja na karatasi yake. Mwalimu wake aliandika kwamba hakuwahi kuwa na mwanafunzi mwenye subira kama ile. Msichana fulani ambaye hatukumjua aliandika kwamba Musyoka alimsindikiza nyumbani kila jioni, mvua ikinyesha, bila kumtaka kitu. Nimechapa wasifu wa watu wengi mno, wema na wezi, na sijawahi kuona ulioandikwa "alikuwa bure kabisa." Hata mmoja. Maneno matamu huja yakiwa yamechelewa, yakiwa na kava ya kung'aa, na yule aliyeyahitaji ndiye peke yake asiyepewa nakala. Prufu ya Musyoka niliiangalia hadi asubuhi. Hakukuwa na kosa.

Kwa hivyo niliposimama nje ya bafu mwezi wa nne na mswaki mdomoni, sikusikia msichana aliyekosea tarehe ya ndege. Nilisikia miguu kwenye ngazi. Na nikaenda kumwagilia sukuma.

Usiogope. Au tuseme, ogopa kidogo, kama mtu anavyouogopa umeme, aushike vizuri. Mimi naogopa kwa ajili ya sisi wawili.

Tangu mwezi wa tano nimekuwa nikienda kuongea na mtu, mshauri, kwenye jengo moja hapo mjini. Mama yako anadhani naenda kupima presha. Nitamwambia, nikishapata ujasiri; ninayemwogopa kuliko kiranja ni yeye. Huyo mshauri ni kijana, anavaa soksi za rangi rangi, na siku ya kwanza nilijiuliza atanifundisha nini. Nikamweleza kiranja wangu husema nini. Akaniuliza, "Mzee, haya maneno, kuna mtu mwingine unaweza kumwambia?" Nikafikiria. Wateja, hapana. Mama yako, ningelala nje. Nikasema, "Binti yangu siwezi, amebeba jina la mamangu." Nikasikia nilichokisema. Nikakaa pale na mdomo wazi, soksi zake zikinitazama.

Basi chukua hili, ulibebe pamoja na sufuria. Ukijiita bure kabisa kule Kilimani, unamwita nani? Kuna Mumbua wawili, na mkubwa bado yuko Kangundo na mkono wake bado ni mzito. Mimi sikuruhusiwa kukutukana. Kiranja alipewa ruhusa na nani? Nawe pia hukupewa. Ukikosea, na utakosea, maana mkono unaofanya kazi hukosea, mwambie yule msichana kwenye kioo kile ambacho mimi ningelazimika kumwambia: "Mwaitu, pole. Umekula? Keti. Sasa tuone tunarekebisha nini." Sikwambii ujisifu. Kosa ni kosa, prufu ni prufu, na wageni wale kweli waliikosa ndege. Lakini Mama Nafula alimaliza kesi kabla ya chai, na mimi nilifungwa miezi kwa hukumu ambayo hakuna aliyeitoa.

Haitafanya kazi kila siku. Nakuambia kama mtu ambaye bado anajaribu: wiki iliyopita mashine ilikula karatasi na nilikuwa nimeshafika "bure" kabla sijaikamata "kabisa." Kuna siku atakuja kiranja akiwa amepoa, bila kelele, na atakuambia kwamba watu watapumua vizuri ukiwa haupo. Siku hiyo usibishane naye peke yako. Ana uzoefu kukuzidi. Piga simu. Ukiona sauti haitoki, piga tu na usiseme kitu, mimi nitasikia kwamba ni wewe na nitakuwa nimeshavaa viatu. Na ukisema "naona mimi ni bure," sitasema umezembea. Hilo nimeliapia.

Umeshaona bahasha hii ina uzito kuliko karatasi. Itikise.

Alhamisi uliacha ufunguo wa nyumba yako mpya hapa mezani ukaenda kuoga. Nilikuwa nimeshakuomba wa pili, ukacheka, "Baba, zii, sitaki, utakuja kunikagulia sufuria." Basi nikauchukua. Nikakuambia naenda dukani mapema. Pale chini ya jengo letu kuna fundi wa funguo, na unajua mdomo wake.

"Mzee, hii ni ya nyumba ndogo?"

"Ni ya mamangu."

"Mamako anakaa wapi na kitasa ya kisasa hivi?"

"Kilimani. Gorofa ya saba."

Aliniangalia juu na chini. "Mzee, hata mimi nitafutie mama kama huyo."

Uliponipigia simu ukiutafuta nikakuambia nimeuona chini ya kiti. Wako niliurudisha jioni ile. Huu mwingine niliuweka kwenye droo, nikapanga kukaa nao bila kukuambia. Ijumaa nzima kiranja hakunyamaza. Mzee mzima, mwizi wa funguo, na kadhalika. Na kwa mara ya kwanza nilimjibu. Nilimwambia, "Huyu mzee si mwizi. Huyu mzee aliogopa. Aliwahi kusimama nje ya mlango." Alinyamaza. Na katika ukimya ule nikaona vizuri kwamba hofu yangu ni ya kweli, na bado haikunipa ruhusa ya kuingia kwako.

Kwa hivyo nakurudishia. Nisamehe. Nyumba ni yako. Lakini usikae na zote mbili, Mwaitu. Hilo tu ndilo ninaloomba, na nimeandika kurasa zote hizi ili nilifikie. Mpe mtu huu wa pili. Si lazima awe mimi. Mpe mama yako, au yule rafiki yako wa ofisini anayecheka kama jenereta ikikataa kuwaka. Chagua wewe, mtu ambaye ungekubali akukute hujachana nywele na vyombo havijaoshwa. Mlango unaofunguka kutoka upande mmoja tu nimeshauona, na sitaki kuuona tena.

Geti limelia. Nakusikia jikoni, unamwambia mama yako wamekuvuta hadi macho yamepanda. Yeye anasema umependeza. Unasema, "Wapi, nakaa kama ufagio." Unacheka.

Sasa umeingia chumbani kwako na umefunga mlango. Kumekuwa kimya. Mama yako ametoka jikoni na sufuria moja mkononi, ananitazama. Nje mvua imeanza, na ule mkebe wa kumwagilia sukuma uko pale pale karibu na mlango wa nyuma. Nimeuona.

Naweka kalamu chini, nije nibishe hodi.

Mwanao,
Baba